Saratani ya matiti ambayo haijavamia: upasuaji pekee, upasuaji na mionzi, au kuondoa titi lote?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, amani iwe kwenu.

Dada yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 52, alikwenda kupigwa picha ya mamografia bila kuhisi uvimbe wala maumivu yoyote. Picha ikaonyesha vidoa vyeupe vya kalsiamu, vidogo kama punje za chumvi, vimejikusanya sehemu moja ya titi la kushoto. Akachukuliwa kinyama kwa sindano, na majibu yakarudi yakisema ana saratani ya mirija ya maziwa ambayo haijavamia, ile ambayo kwenye ripoti huandikwa DCIS na kuhesabiwa kuwa hatua ya sifuri. Daktari alimweleza kwamba njia ni tatu: kuondoa eneo lenye ugonjwa na kuliacha titi; kuondoa eneo hilo kisha kupata tiba ya mionzi; au kuondoa titi lote. Akampa wiki mbili za kufikiri.

Tangu siku hiyo nyumba yetu imegawanyika. Mama anasema saratani ni saratani, liondolewe lote yaishe. Shemeji anauliza inakuwaje ugonjwa wa hatua ya sifuri utibiwe kwa kisu kilekile cha hatua ya tatu. Dada mwenyewe anasikiliza tu. Mimi nimejipa kazi ya kusoma, na ninaweka hapa nilichokielewa ili wenye ujuzi wanisahihishe na waliopita njia hii watueleze.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Ndani ya titi kuna mirija inayopeleka maziwa kwenye chuchu. Katika ugonjwa huu, seli zinazotanda upande wa ndani wa mrija zimegeuka kuwa za saratani na zinaongezeka, lakini bado zimezingirwa na utando unaouzunguka mrija. Kwa kuwa mishipa ya damu na ya limfu iko nje ya utando huo, seli hizo hazina njia ya kusafiri kwenda kwapani, kwenye mapafu au kwenye mifupa. Hatari yake ni ya kesho: baadhi ya seli hizi zitautoboa utando siku moja na kuwa saratani inayovamia, na nyingine hazitautoboa kamwe hata mwenye nazo akizeeka nazo, wala hakuna kipimo kinachoweza kuzitenganisha kwa uhakika mwanamke angali hai na anasubiri jibu. Ubishi wote wa nyumbani kwetu unatokana na jambo hilo moja.

Zamani hapakuwa na la kuchagua, kwa sababu aliyekutwa na ugonjwa huu aliondolewa titi lote, na karibu wote walipona. Kisha mwaka 1985 kundi la watafiti wa Marekani lililoongozwa na daktari wa upasuaji Bernard Fisher likatoa matokeo ya utafiti wa B-06, yaliyoonyesha kwamba wanawake wenye saratani iliyokwisha kuvamia waliweza kuondolewa uvimbe tu, wakapata mionzi, na wasiishi muda mfupi kuliko walioondolewa titi. Ikatokea hali ya ajabu kidogo: mwenye ugonjwa mkubwa aliweza kubaki na titi lake, na mwenye ugonjwa mdogo akalipoteza, kwa sababu tu utafiti ulianza na yule mkubwa.

Ndipo kundi hilohilo likafanya utafiti wa B-17. Wanawake 818 wenye DCIS waliondolewa eneo lenye ugonjwa, kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakaachwa hivyo, wengine wakapata mionzi ya titi zima. Baada ya miaka 15, saratani inayovamia ilikuwa imetokea katika titi lilelile kwa asilimia 19.4 ya waliofanyiwa upasuaji pekee, na kwa asilimia 8.9 ya walioongezewa mionzi. Tafiti nyingine tatu za aina hiyo zilifanyika Ulaya na kwingineko, na mwaka 2010 zote nne zikajumlishwa pamoja, jumla ya wanawake 3,729. Picha ikawa ileile: ndani ya miaka 10, ugonjwa wa aina yoyote ulirudi katika titi lilelile kwa takriban wanawake 28 katika kila 100 ambao hawakupata mionzi, na kwa takriban 13 katika kila 100 walioipata.

Mpaka hapo mtu angesema shauri limekwisha, dada apate mionzi. Lakini jumla hiyohiyo ilionyesha kwamba vifo vitokanavyo na saratani ya matiti vilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili, takriban 4 katika kila 100 kwa miaka 10, tofauti yao ikiwa ndogo mno kuwa na maana yoyote. Mionzi ilipunguza kurudi kwa ugonjwa, na haikuonekana kupunguza vifo.

Kuhusu kuondoa titi lote, nilichokiona ni kwamba ugonjwa hurudi mara chache sana, pengine kwa mwanamke mmoja au wawili katika kila 100. Hata hivyo, hakuna utafiti uliowahi kuwagawanya wanawake wenye DCIS kwa bahati nasibu kati ya kuondoa titi na kulihifadhi. Tunaambiwa matokeo ya uhai yanalingana kwa kuangalia kumbukumbu za wagonjwa na kwa kujifunza kutoka kwa saratani inayovamia.

Maswali yangu ni mawili. Ikiwa mionzi haiongezi uhai, kwa nini mtu aipate? Na ikiwa kuondoa titi ndiko kunakopunguza zaidi kurudi kwa ugonjwa, mama yangu anakosea wapi?

Mchangiaji wa 1

Pole sana ndugu yangu, na umpe dada pole zangu. Mimi ni mmoja wa walioondolewa titi lote kwa ugonjwa huuhuu, miaka sita iliyopita, kwa hiyo nijibu swali lako la pili kwa upande wangu.

Sikuondolewa titi kwa sababu saratani yangu ilikuwa kali kuliko ya wengine, bali kwa sababu ilikuwa imetandaa. Watu wengi hawaielewi tofauti hiyo, hata mimi sikuielewa mwanzoni. Seli zilikuwa zimefuata mirija hadi katika sehemu mbili za titi zilizo mbali moja na nyingine. Daktari alijaribu kwanza kulihifadhi. Alipotoa kipande, ripoti ikasema kingo hazikuwa safi, yaani seli za ugonjwa zilifika hadi pembeni mwa kipande kilichotolewa. Akarudia, kingo zikawa bado zina ugonjwa. Baada ya mara mbili alinieleza wazi kwamba akikata mara ya tatu litakalobaki halitakuwa titi la kuhifadhi.

Kwa hiyo mama yako hakosei kwamba njia hiyo huacha nafasi ndogo kabisa ya ugonjwa kurudi. Anachokosa kukihesabu ni gharama yake mwilini. Kifua changu upande ule hakina hisia mpaka leo, nikikigusa ni kama kinaguswa na mtu mwingine. Nilitengenezewa titi jipya, nikarudi kwenye upasuaji mara mbili zaidi ya nilivyotarajia. Sijutii, kwa kuwa mimi sikuwa na njia nyingine ya maana. Ila nikiona mwanamke mwenye eneo dogo, ambaye kingo zake zinaweza kusafishwa kwa mara moja, anasukumwa kuelekea nilikopita mimi kwa sababu ndugu zake wana hofu, nasikitika.

Jambo moja la kuuliza kabla hamjaamua: ikiwa titi litaondolewa lote, muulizeni daktari kuhusu kupima tezi ya kwapani iliyo ya kwanza kupokea limfu kutoka kwenye titi. Mimi nilipimwa siku hiyohiyo ya upasuaji, kwa maelezo kwamba iwapo katika titi lililotolewa ingekutwa saratani iliyokwisha kuvamia, isingewezekana tena kuitafuta tezi hiyo vizuri, kwani njia za limfu zingekuwa zimekwisha kukatwa. Anayehifadhi titi kwa kawaida hahitaji kipimo hicho siku ya kwanza.

Mchangiaji wa 2

Nimefanya kazi katika kitengo cha tiba ya mionzi kwa muda mrefu, si kama daktari bali kama mwendeshaji wa mashine. Nitasema ninayoyaona kila siku, na mengine nitawaachia madaktari.

Watu husema "kuchomwa mionzi", na neno hilo limewaogopesha wengi bure. Mgonjwa hasikii moto wala maumivu wakati mashine inafanya kazi. Kwanza huja siku ya kupanga: analazwa mkono ukiwa juu ya kichwa, anapigwa picha ya CT, na ngozi yake inawekwa alama ndogo sana ili kila siku alale pale pale. Baada ya hapo huja kwa vikao vya dakika chache, siku tano kwa wiki. Zamani ratiba ya kawaida ilikuwa vikao 25 kwa wiki tano. Siku hizi wengi hupata dozi kubwa zaidi kidogo kwa kila kikao na kumaliza kwa vikao 15 au 16, yaani wiki tatu na siku moja hivi, na matokeo yake yamethibitika kuwa mazuri kama ya ratiba ndefu.

Wapo wanaoongezewa vikao vichache vinavyolenga pale tu palipokatwa. Utafiti wa kimataifa wa wanawake 1,608 wenye DCIS isiyo ya hatari ndogo ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano, asilimia 97.1 ya walioongezewa hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa katika titi hilo, ikilinganishwa na asilimia 92.7 ya wasioongezewa. Nyongeza hiyo haiji bure, kwa kuwa maumivu ya titi na ugumu wa nyama yake huwa mengi zaidi kwa walioipata.

Madhara ninayoyaona ni ngozi kuwa nyekundu au kuwa nyeusi zaidi na kuwasha, uchovu unaoanza karibu na wiki ya pili au ya tatu, na baadaye, kwa baadhi yao, titi kusinyaa kidogo au kuwa gumu kuliko la pili. Kwa titi la kushoto kuna suala la moyo, ambao uko karibu. Tunalipunguza kwa kumfundisha mgonjwa kuvuta pumzi ndefu na kuishikilia wakati mashine inapowaka. Mapafu yakijaa, moyo husogea mbali na ukuta wa kifua.

Sasa jambo ambalo ningependa kila familia ilisikie kabla ya kuja kwetu. Mionzi ya titi zima kwa kawaida hutolewa mara moja tu katika maisha ya titi hilo. Mwanamke aliyeipata akirudiwa na ugonjwa baada ya miaka minane, mara nyingi ataambiwa titi liondolewe, na kulitengeneza upya kwenye ngozi iliyopita mionzi ni kazi yenye matatizo zaidi. Ambaye hakuipata mwanzoni, akirudiwa, bado anayo akiba hiyo. Simshauri mtu aikatae. Ninasema tu kwamba ni silaha ya risasi moja, na ni haki yake kujua hivyo kabla haijafyatuliwa.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru wote wawili. Mchangiaji wa 1, nimemsomea mama maneno yako, hasa yale ya kutandaa na ukali. Alinyamaza, na kwa mama yangu kunyamaza ni hatua kubwa.

Lakini swali la kwanza bado liko palepale: ikiwa vifo havipungui, wiki tatu za mionzi ni za nini?

Mchangiaji wa 3

Mimi ni daktari wa patholojia, yaani ndiye ninayekaa na darubini na kuandika ripoti hizo mnazozisoma kwa wasiwasi. Nitajaribu kulijibu swali hilo, ingawa nitalizungukia kidogo.

Ugonjwa huu unaporudi, takriban nusu ya wanaorudiwa hukutwa tena na DCIS, na nusu nyingine hukutwa na saratani inayovamia. Hao wa pili wanaingia katika tiba nzito zaidi: upasuaji mkubwa, vipimo vya kwapani, na kwa baadhi yao dawa za kemikali kwa miezi. Wengi wao watapona, na ndiyo maana takwimu za vifo hazitikisiki. Lakini kupona baada ya miezi ya dawa za kemikali si sawa na kutougua. Mionzi, kwa mwenye DCIS, kazi yake ni kumpunguzia mwanamke nafasi ya kuipitia safari hiyo. Uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake zaidi ya 108,000 wenye DCIS nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba kwa miaka 20 ni takriban asilimia 3.3 waliokufa kwa saratani ya matiti, na kwamba mionzi baada ya upasuaji wa kuhifadhi titi ilipunguza saratani inayovamia katika titi hilo bila kubadilisha vifo. Uchambuzi huohuo ulionyesha hatari kubwa zaidi kwa waliogunduliwa kabla ya miaka 35 na kwa wanawake Weusi, kwa hiyo wastani huo usimfanye kila mtu alale usingizi.

Sasa nije kwenye neno ambalo nadhani ndilo linalowapotosha wengi. Mtaambiwa kwamba mionzi hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa nusu. Ni kweli, na uwiano huo huonekana karibu katika kila utafiti. Lakini ulizeni: nusu ya nini? Mwanamke ambaye nafasi yake ya kurudiwa ni 30 katika 100 akipunguziwa nusu, amepata pointi 15, na hizo ni nyingi. Ambaye nafasi yake ni 6 katika 100, hata akipunguziwa zaidi ya nusu, anapata pointi nne au tano kwa vikao vilevile 15 na kwa risasi ileile moja. Tiba ni moja, uwiano ni mmoja, lakini thamani yake kwa kila mmoja si moja.

Hili si la kubuni. Utafiti wa RTOG 9804 uliwachukua wanawake 636 ambao ugonjwa wao ulikuwa wa daraja la chini au la kati (daraja ni jinsi seli zinavyoonekana kali kwenye darubini), usiozidi sentimita 2.5, na kingo safi kwa angalau milimita 3. Baada ya miaka saba, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 0.9 ya waliopata mionzi na asilimia 6.7 ya ambao hawakupata. Baada ya miaka 15 ilikuwa asilimia 7.1 kwa 15.1. Tazameni mambo mawili hapo. La kwanza, tofauti ni ndogo kuliko ile ya tafiti za zamani. La pili, ambalo wengi hulisahau, mstari hauishii kwenye miaka saba. Unaendelea kupanda taratibu katika makundi yote mawili. Mwanamke wa miaka 78 anaweza kuusoma utafiti huu na kusema miaka saba inamtosha. Wa miaka 52 anapaswa kuuangalia ule mstari mrefu.

Niongeze tahadhari kuhusu zile tafiti nne za zamani. Zilianza wakati ambapo mamografia ilikuwa duni kuliko ya sasa, na katika B-17 ukingo ulihesabiwa kuwa safi ilimradi seli hazikugusa wino. Sisi hupaka wino kipande kizima kilichotolewa, tukakikata vipande vyembamba, kisha tunapima umbali kati ya mrija wenye ugonjwa na wino. Tangu mwaka 2016 mwongozo wa vyama vya kitaalamu vya Marekani, kwa mwanamke atakayepata mionzi ya titi zima, ni milimita 2. Kwa hiyo zile 28 katika 100 ni picha ya upasuaji wa miaka ile, na aliyepasuliwa vizuri leo huenda hatari yake iko chini ya hapo.

La mwisho, na hili ni kwa ajili ya dada yako hasa: msiamue kila kitu kwa majibu ya kinyama. Sindano huchukua vijipande tu. Takriban mwanamke mmoja katika kila wanne aliyeambiwa kwa sindano kwamba ana DCIS peke yake hukutwa na saratani iliyokwisha kuvamia kipande kizima kinapotolewa. Upasuaji ni tiba, na pia ndicho kipimo cha kweli. Suala la mionzi linaweza kusubiri ripoti ya pili, ile yenye daraja, ukubwa, kingo, uwepo wa seli zilizokufa katikati ya mrija, na vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni kama estrojeni. Kuanza kubishana kuhusu mionzi kabla ya ripoti hiyo ni kugombania mavuno kabla ya kupanda.

Mchangiaji wa 4

Daktari, kwa heshima zote, mbona hakuna anayeuliza swali la shemeji? Mwanzisha uzi amesema baadhi ya seli hizo hazitavamia kamwe. Kwa nini basi mwanamke asiachwe, akafuatiliwa kwa picha kila baada ya miezi sita?

Mchangiaji wa 3

Ndugu yangu, swali hilo linaulizwa, na limeanza kujibiwa. Utafiti wa COMET nchini Marekani uliwagawanya wanawake 957 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, wenye DCIS ya hatari ndogo, yaani daraja la kwanza au la pili na yenye vipokezi vya homoni. Kundi moja lilipangiwa tiba ya kawaida inayoanzia na upasuaji, jingine ufuatiliaji wa karibu, na katika makundi yote mawili waliotaka dawa za kuzuia homoni waliruhusiwa. Matokeo ya miaka miwili yalitolewa Desemba 2024: saratani inayovamia katika titi hilo ilikutwa kwa asilimia 5.9 ya kundi la upasuaji na asilimia 4.2 ya kundi la ufuatiliaji. Yaani waliofuatiliwa hawakufanya vibaya zaidi.

Hata hivyo, miaka miwili ni kitambo kifupi kwa ugonjwa unaokwenda kwa mwendo wa kobe, na nimekwisha kueleza jinsi mstari wa RTOG 9804 ulivyoendelea kupanda. Tena si kila mmoja katika COMET alibaki kwenye kundi alilopangiwa. Mimi ningemweleza mgonjwa kwamba njia hiyo ipo na ina matumaini, kisha ningemwambia kwamba aichague akiwa ndani ya utafiti au chini ya daktari anayeifahamu vizuri, na asiichague kamwe kama ugonjwa wake ni wa daraja la tatu. Kuachwa bila ufuatiliaji ni jambo jingine kabisa, na hilo hakuna aliyelipima kwa lengo la kulipendekeza.

Mchangiaji wa 5

Samahani, na tamoksifeni je, ile dawa ya kuzuia homoni? Shangazi yangu alipewa vidonge kwa miaka mitano na hakupata mionzi. Je, vidonge vinaweza kuchukua nafasi ya mionzi?

Mchangiaji wa 3

Kwa ujumla havichukui nafasi yake, vinaongezea. Katika utafiti wa B-24, wanawake 1,804 waliokuwa wamepasuliwa na kupata mionzi waligawanywa kati ya tamoksifeni na kidonge kisicho na dawa, na waliomeza tamoksifeni walirudiwa mara chache zaidi. Faida yake huwahusu wenye vipokezi vya estrojeni, na ina jambo moja ambalo kisu na mionzi havina: hulinda pia titi la pili. Upande wa pili wa shilingi ni kuganda kwa damu na, kwa nadra, saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi. Kwa aliyekoma hedhi, anastrozoli inaweza kutumika badala yake, nayo husumbua viungo na mifupa. Shangazi yako huenda alikuwa na sababu zake za kukosa mionzi. Wapo wasioruhusiwa kabisa, kama wajawazito na baadhi ya waliowahi kupigwa mionzi kifuani.

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tano.

Dada alichagua kuhifadhi titi, kwa sharti alilolisema mwenyewe mbele ya mama: kingo zikikataa mara mbili, liondolewe. Hazikukataa. Ripoti ya kipande kizima imesema DCIS peke yake, daraja la kati, milimita 13, ukingo wa karibu zaidi milimita 4, vipokezi vya estrojeni vipo, hakuna seli zilizovamia. Mchangiaji wa 3, tuliposoma mstari wa mwisho nilikukumbuka, kwa sababu ulikuwa umetuandaa kwa jibu baya.

Kwa vipimo hivyo, dada anafanana na wanawake wa ule utafiti wa 636. Tulipokwenda kwa daktari wa mionzi, alianza kueleza kwamba tiba itapunguza nafasi ya kurudiwa kwa nusu, na dada, ambaye kwa wiki zote hizo hakuwa amesema zaidi ya maneno kumi, akamkatiza akauliza, "Nusu ya nini, daktari?" Daktari akatabasamu, akavuta karatasi, akamchorea miduara 100 na kuipaka rangi: 15 kwa njia moja, 7 kwa njia nyingine, kwa miaka 15. Kisha akamwambia kwamba kwake yeye njia zote mbili zinakubalika kitaalamu, na kwamba hatamlaumu kwa yoyote.

Alikwenda nayo ile karatasi nyumbani, akakaa nayo siku tatu. Shemeji alitaka asipate mionzi, na hoja yake ya kuweka akiba haikuwa mbaya. Dada amechagua mionzi. Sababu aliyoitoa ni kwamba akiwa na miaka 67 hataki kuanza dawa za kemikali kwa ajili ya kitu ambacho angeweza kukipunguza akiwa na miaka 52, na kwamba yeye si mtu wa kuishi akihesabu picha hadi picha. Ni vikao 15 bila nyongeza. Tamoksifeni ameiahirisha, kwa kuwa mama yetu mdogo aliwahi kuganda damu mguuni, na daktari ameona sababu hiyo inastahili kuchunguzwa kwanza.

Siku ya kupanga ni Jumatatu ijayo, na mama ndiye atakayemsindikiza. Mchangiaji wa 2, kwa kuwa ni titi la kushoto, nina swali dogo: hayo mazoezi ya kushika pumzi aanze sasa nyumbani, au asubiri afundishwe huko?

Mchangiaji wa 2

Aanze leo. Alale chali, mikono juu ya kichwa, avute pumzi kwa kifua na si kwa tumbo, aishikilie kwa sekunde 20 hivi, apumzike, arudie. Akiweza hivyo mara tano bila kuhangaika, atatupa kazi nyepesi. Na mama asivae saa yenye mlio atakapomhesabia, wengi hucheka na pumzi yote ikatoka.